Lenzi Gani Ununue kwa Picha za Tai na Tumbusi Mbugani

Simba akilala kivulini, dereva atakusogeza hadi mita kumi na lenzi ya milimita 300 itakutosha (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta karibu zaidi). Pungu, aina ya tai, hakungoji. Anapita chini chini juu ya nyasi za Ndutu akiyumbisha mabawa, na usipomnasa ndani ya sekunde chache keshakuwa nukta angani. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue lenzi gani kwa ajili ya ndege mbuai, namuuliza kwanza kama mikono yake itaweza kuinyanyua na kuizungusha kutwa nzima. Halafu tunazungumza vumbi. Milimita huja mwisho, kwa sababu kuanzia 500 kwenda juu inatosha kwa tai.

Ya kwanza kwangu ni Nikon Z 180-600 au Sony 200-600. Kati ya hizi mbili hakuna cha kuchagua, kamera uliyonayo imeshakuamulia. Zote zina uzito wa kilo 2 hivi, na zote zumu yake iko ndani: ukizungusha pete, bomba halirefuki. Lenzi inayorefuka ni kama pampu, kila ukiivuta inanyonya hewa, na kiangazi hewa ya barabara ya Serengeti ni vumbi tupu. Faida nyingine ni kwamba uzito hauhami kwenda mbele, kwa hiyo unaweza kumfuata tai huku unavuta karibu na mkono usiyumbe. Sony ilitoka 2019. Nikon ilitoka 2023 kwa takriban dola 1,700, na kwa bei hiyo sijaona ya kuishinda.

Ya pili, Canon RF 100-500. Ina kilo 1.37 bila kishikio cha tripodi, na hii ndiyo ninayompendekezea anayeingia mbugani kwa ndege ndogo ya abiria, ambako mara nyingi mzigo wako wote hautakiwi kuzidi kilo 15. Inarefuka, ndiyo, lakini imezibwa vizuri. Wengi wanaikataa kwa sababu ikifika 500 tundu lake la kuingizia mwanga ni dogo, f/7.1, wanasema ina giza. Kwa tumbusi hilo halina uzito. Tumbusi haruki alfajiri, anangoja ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda, kwenye saa tatu hivi, na saa hiyo mwanga umejaa. Ukiifunga kwenye Canon R7, kamera yenye kihisi kidogo, ile 500 inaona kama 800.

Ya tatu ni Sigma 150-600 Contemporary ya mtumba, kwa mwenye kamera ya zamani yenye kioo ndani (DSLR). Otofokasi yake inachelewa kuanza, basi weka swichi kwenye mita 10 hadi mwisho ili isihangaike na majani ya karibu. Lakini ikague kabla hujatoa pesa! Niliwahi kuuziwa lenzi inayong'aa kwa nje. Nilipofika nyumbani nikaimulika kwa tochi ya simu, nikakuta nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui. Ukungu. Iliniuma sana, kwani pesa ile niliiweka miezi. Lenzi iliyokaa kabatini kwenye unyevu wa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, imulike pande zote mbili, tena mbele ya muuzaji.

Ya mwisho, Canon RF 800 f/11. Ni nyepesi, kilo 1.26, na bei yake inavutia, ila haikuzibwa dhidi ya vumbi, fokasi inashika katikati ya fremu tu, na haioni kilicho karibu kuliko mita 6. Bundi akitua kwenye mgunga ulio mita tano kutoka dirishani, utabaki kumtazama kwa macho.

Zile lenzi kubwa za 600 f/4, kama huuzi picha, kodisha.

Lenzi yoyote utakayochukua, beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, kwa sababu tripodi haina nafasi ndani ya Land Cruiser. Ujaze kilo mbili tatu za maharage sokoni Karatu, uuweke ukingoni mwa paa au dirishani, lenzi ilalie hapo. Siku ya kuondoka mwachie mpishi maharage yake. Kufunikia kamera beba khanga. Usitegemee mifuko ya plastiki, Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019.

Kuanzia saa sita mchana hewa inacheza kwa joto juu ya nyika, na hapo 800 itakupa picha iliyoyeyuka kama 500 tu. Tumia muda huo kula. Ukiwa Ngoitokitok, kule Ngorongoro, kula ndani ya gari, kwa sababu mwewe wa pale hunyakua chakula mkononi. Ukishamaliza, toa kamera: mwewe wanapita karibu mno kwa 200, na hapo mwenye Canon 100-500 akirudi kwenye 100 yake anampata ndege mzima, mabawa na yote.