TAHADHARI: Beringi "OG" na kola ya ekseli iliyorudishwa kwa weldingi

Wadau mnaoendesha Hilux, Prado, Surf na Jimny, kuweni macho. Hapa Arusha kuna gereji yenye duka lake la spea mlangoni. Wanakuuzia beringi ya ekseli ya nyuma "OG" (orijino) "kwenye boksi" pamoja na kola mpya, unalipia vyote, halafu kola mpya haifungwi. Inarudishwa ileile ya zamani na kupigwa weldingi. Nimelipa laki tatu na nusu kwa kazi hiyo kwenye Hilux yangu, na kilichokutwa ndani kimenitisha.

Asiyeijua sehemu hii aelewe kwanza inafanya nini. Kwenye magari haya shafti ya ekseli ya nyuma inakaa ndani ya beringi, na kinachoizuia isichomoke ni kola, pete nene ya chuma iliyobanwa kwa presi. Zile nati nne za nyuma ya sahani ya breki zinashika nyumba ya beringi tu. Kola ikilegea, shafti inateleza taratibu, mwisho inatoka na tairi lake na drami yake gari likiwa kwenye mwendo. Land Cruiser nzito nyingi, zile hadtopu za safari, hazina mpangilio huu, kwa hiyo usidhani kila fundi wa Land Cruiser anaijua hatari hii.

Kola iliyokaa miaka mingi inagoma kutoka, na hapo ndipo ujanja unapoanzia. Fundi wa kweli anaila kwa grainda upande mmoja mpaka ibaki ngozi nyembamba, bila kuigusa shafti, kisha anaipiga tindo. Inapasuka na unaivuta kwa mkono. Wengine wana presi yenye nguvu na wanaitoa nzima, lakini hata hiyo haifai kurudishwa, kwa sababu imeshalegea na haibani tena kama ilivyotakiwa.

Hawa walichukua gesi wakaichoma kola. Chuma kikifika nyuzi 300 hivi kinageuka buluu, na shafti yangu ilikuwa buluu upana wa vidole viwili, mahali palepale panapobeba uzito wa gari. Kola ilipokataa kubana tena, wakapiga vidoti vya sentapanchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo) kuizunguka shafti, juu yake wakaweka matone matatu ya weldingi. Kwangu mimi weldingi ndiyo mbaya kuliko yote, maana ukitazama unaona kitu kimeshika kweli. Shafti inapinda kidogo na kunyooka kila tairi linapozunguka, na ufa huanzia pembeni mwa weldingi. Hapohapo joto limeshaunguza grisi ya beringi na kukausha sili, ile raba inayozuia oili.

Dalili ilikuwa oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) kuchuruzika ndani ya rimu, na breki ya upande huo kuteleza. Fundi mwingine alipochomoa ekseli, akaifuta beringi kwa kitambaa chenye petroli. Jina la kampuni lililokuwa ubavuni likabaki kwenye kitambaa. Chini yake palikuwa na mikwaruzo ya msasa. Ilikuwa beringi ya mtumba iliyong'arishwa.

Niliwarudia na shafti mkononi. Wakanijibu: "Bosi, hata gari za tour tunazifunga hivyohivyo na zinapanda Ngorongoro." Gari hizo zinabeba watu. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Hela hawakurudisha, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hawakutoa, karatasi ya mkono tu. Shafti haikuponyeka, nimenunua nyingine.

Ukienda kufanya kazi hii popote, simama hapohapo. Kola mpya uishike kabla haijafungwa, na ya zamani ukabidhiwe, iliyopasuliwa au nzima, uondoke nayo. Ukiona mtungi wa gesi unasogezwa karibu na ekseli yako, zuia kazi. Maandishi ya beringi yasugue kwa petroli mbele ya muuzaji kabla hujalipa. SKF, watengenezaji wa beringi, wana programu ya simu ya kuwatumia picha ili wakuambie kama beringi yao ni halisi. Ukishapata feki, tunza boksi, beringi na karatasi yoyote uliyopewa, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao wanashughulikia bidhaa bandia.

Na kama tayari umefungiwa beringi kwenye gereji ya namna hiyo, piga jeki nyuma, weka stendi, shika tairi kwa mikono miwili ulivute nje na kulisukuma ndani. Likicheza na kugonga, au ukikuta oili ndani ya drami, gari hilo lisitoke hapo mpaka ekseli ichomolewe na kola ionekane kwa macho.