Riesling kavu ya Mosel: usiihukumu kabla ya samaki

Jamani, karibuni tena! Chupa hii nimeisubiri wiki nzima. Riesling ya Mosel, waini nyeupe ya zabibu za Riesling kutoka bonde la mto Mosel, na hapa kwenye lebo, ngoja niisogeze kwenye kamera, mnaliona? Trocken. Yaani kavu, isiyo tamu. Mkiingia dukani huku Ujerumani, tafuteni neno hilo kwanza. Mwaka jana nilinunua iliyoandikwa feinherb nikidhani ni kavu, nikawamiminia wageni, kumbe ina utamu, na mlo wote ukapooza. Feinherb haina kipimo cha kisheria. Trocken inacho: sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au mpaka 9 mradi uchachu usipitwe na sukari kwa zaidi ya gramu 2.

Kiwango cha kilevi na mwaka wa mavuno nimeviandika chini ya video, someni huko. Mimi nimekuja kwa ajili ya uchachu!

Haya, naonja kavu kavu, bila chakula. Mmh! Mashavu yanabana, hapa karibu na masikio, mate yanajaa. Ukiishia hapa utasema kali na kuirudisha kwenye friji. Video iliyopita wengi mliniandikia hivyo hivyo.

Sasa tazameni. Huyu ni Forelle, samaki wa mito ya huku. Nimempaka unga, nikamkaanga kwa siagi, na ndimu sijamkamulia, makusudi kabisa. Natafuna… siagi imetanda ulimi mzima. Sasa funda moja. Ahaa! Mafuta yamekatika, utamu wa samaki umebaki, na waini yenyewe imelainika, napata tufaha bichi, napata pichi kwa mbali. Narudia. Tonge, funda… ileile! Ndiyo kazi ya ndimu kwenye changu wa kukaanga kule nyumbani, hakuna tofauti.

Mtasikia watu wakisema siri ni mawe. Kweli, mizabibu mingi ya Mosel imeng'ang'ania miteremko mikali yenye mawe ya sleti, yanayoshika joto la jua mchana na kulitoa usiku. Ila mimi naipa sifa zaidi baridi: zabibu zinaiva polepole, uchachu haupotei.

Waini nyeupe ya Chardonnay iliyolala kwenye mapipa mapya ya mwaloni siwezi kuiweka hapa, itakuwa siagi juu ya siagi. Sauvignon Blanc ya New Zealand uchachu inao, lakini harufu yake inamfunika samaki.

Schnitzel, ile nyama nyembamba ya nguruwe au ndama iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa, ndiyo, tena sana. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma, hapana. Na Spargel, ile mboga ya asparaga nyeupe ambayo msimu wake unafungwa tarehe 24 Juni? Nilitaka kusema ndiyo… hapana, hapo Silvaner kavu, waini nyeupe ya eneo la Franken, ile ya chupa bapa, inaishinda hii. Ni pole zaidi, haigombani na uchungu wa Spargel.

Bei: nimetoa euro 11. Ukiona tai mwenye kishada cha zabibu kwenye kifuniko, hiyo ni alama ya VDP, chama cha wazalishaji wa waini bora wa Ujerumani, andaa pesa zaidi.

Jumamosi tuko mubashara, naipambanisha hii na Riesling kavu ya Pfalz, eneo jingine la waini la Ujerumani, kwa hiyo bonyezeni kengele. Iwekeni kwenye nyuzi 8 mpaka 10, isigande. Samaki anapoa, nammalizia mkiwa hapa hapa. Funda… mmh, jamani!