Boksi la WITCH wa Zambia: miezi mitatu kwenye redio ya gari

Boksi hili la CD za bendi ya WITCH nimelinunua kwa ajili ya mjomba. Alichimba shaba Kitwe, Zambia, miaka ya sabini, kama Wanyakyusa wengi wa rika lake, na akishapata mbili tatu lazima aitaje WITCH. Mimi nilikuwa namwona anatia chumvi. Rock ya Zambia? Sisi huku Mbeya kinachovuka mpaka wa Tunduma tunajua ni kalindula, ile dansi yao ya kienyeji.

Nikaagiza. Jina la boksi ni We Intend to Cause Havoc!, ndicho kirefu cha WITCH: tumedhamiria kuleta vurugu. Limetolewa na kampuni ya muziki ya Now-Again ya Los Angeles mwaka 2012. CD nne, albamu tano kuanzia Introduction ya 1972 hadi Including Janet ya 1977, pamoja na nyimbo za santuri ndogo. Usafiri na ushuru vikijumlishwa, laki mbili na ushee zilinitoka. Na muuzaji alilifunga kizembe, kona moja ikafika imebonyea. CD zenyewe zilikuwa salama. Sina pa kuzichezea zaidi ya kwenye Corolla yangu, kwa hiyo kila ninachosema hapa nimekisikia kati ya Uyole na Mwanjelwa.

Introduction ilivyoanza nilijua spika za mlango zimepasuka. Ngoma zinasikika kama zinapigwa nyumba ya jirani, gita linakwaruza, sauti ya Emanuel Chanda imebanwa juu huko. (Huyu ndiye mwimbaji wao, anajulikana kama Jagari, jina alilolichonga kutoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones.) Niliegesha, nikafungua kava la mlango, nikakagua waya. Waya mzima. Ndivyo walivyorekodi. Ilinichukua siku tatu sikio kukubali, na tangu hapo nyimbo zilizorekodiwa kwa usafi zaidi ndizo naziona zimepoa.

Pesa yangu ilirudi kwenye albamu ya Lazy Bones!! ya 1975. Black Tears nimeirudia hadi mke wangu akaomba tuzime. Kwenye Strange Dream sikiliza besi ya Gedeon Mulenga: inatembea taratibu haina habari na mtu, halafu gita la Chris Mbewe linaingia na ule mkwaruzo wa fuzi (kifaa cha kukwaruzisha sauti ya gita), kama msumeno umekutana na msumari. Ukitaka albamu moja tu, tafuta Lazy Bones!! peke yake, boksi uachane nalo.

Albamu ya Lukombo Vibes ina nyimbo zake, siyo mbaya. Including Janet nimeisikiliza mara mbili, inatosha.

Siku nilipompakia mjomba sikumwambia kitu. Tulipofika Mafiati akasema, "Mjomba, ongeza sauti." Akaanza kusimulia maonyesho ya mchana, maana usiku kulikuwa na kafyu kwa sababu ya vita ya Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), na mtu akitoka shimoni anakoga anaenda moja kwa moja dansini. Halafu bei ya shaba ikaanguka, na mifuko ikaanguka nayo. Yeye alirudi nyumbani na treni ya TAZARA, ikiwa bado inanukia rangi.

Kijitabu cha ndani alikishika muda mrefu kuliko mimi. Vijana wenye bugaluu na nywele za afro. "Raizoni kama hizi nilikuwa nazo," akasema, halafu akauliza wako wapi sasa. Nikamweleza kwamba kwenye kikosi kile cha mwanzo amebaki Chanda tu, wengine wameshatangulia, ila bendi imefufuliwa na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya, Zango. Hakujibu. Akairudisha nyuma Strange Dream, kwa kidole chake mwenyewe, bila kuniuliza kitufe kiko wapi.

CD yenye Lazy Bones!! aliondoka nayo siku ile. Iko juu ya kabati lake, pembeni ya redio ya betri. Hana cha kuichezea, na kurudisha hataki.