Hati ya kiwanja kwa Kijerumani: huduma tuliyoipata Tabora

Familia yetu ilihitaji tafsiri ya Kijerumani ya hati miliki ya kiwanja kilichopo Tabora mjini, kwa ajili ya shauri la mirathi lililofunguliwa Ujerumani. Kazi hiyo tuliikabidhi kwa ofisi ndogo ya tafsiri iliyo jirani na soko kuu. Hati yenyewe, kama zilivyo nyingi za nchi hii, imeandikwa kwa Kiingereza.

Rasimu ya kwanza haikuridhisha. Mtafsiri alimtaja marehemu kuwa Eigentümer, yaani mwenye ardhi moja kwa moja, ilhali kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwenye hati hupewa tu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hakimu wa Ujerumani, aliyezoea kuona jina la mmiliki katika Grundbuch, yaani daftari la ardhi la huko, angeamini kwamba warithi wanapokea mali isiyo na kikomo. Tulipohoji, mtafsiri alipendekeza Erbbaurecht, haki ya huko ya kuwa na jengo juu ya ardhi ya mwingine, ambayo hurithiwa na kwa kawaida huwa na muda maalumu. Inakaribia, ila ina masharti yake ambayo hati yetu haiyajui. Mwishowe aliliacha jina la Kiingereza la haki hiyo, right of occupancy, lilivyo, akalifafanua kwa Kijerumani katika tanbihi, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Rehani ya benki aliishughulikia kwa ustadi zaidi: alichagua Hypothek na kuikataa Grundschuld, kwa kuwa ya kwanza hufungamana na deni lenyewe, na ya pili yaweza kuendelea kuwapo hata deni likiisha. Aligundua pia jambo ambalo sisi tusingeliona. Eneo la kiwanja, mita za mraba 1,250, aliliandika 1.250, kwani kwa Wajerumani mkato hutenga desimali. Tungebaki na kiwanja cha mita moja na robo!

Lawama yangu ni moja. Ofisi ilisubiri tumalize kulipa ndipo itueleze kwamba mahakama za Ujerumani mara nyingi hudai muhuri wa mtafsiri aliyeapishwa hukohuko, jambo lililotulazimu kutafuta mtu wa pili wa kuithibitisha kazi. Anayekwenda pale aulize hilo kwanza, na adai kuiona rasimu kabla ya kutoa salio.