The Sheik au The Son of the Sheik: ipi bado inatazamika?

Zote mbili ni filamu za kimya, na nyota ni Rudolph Valentino. Kama una nafasi ya moja tu, chukua ya pili, ya 1926.

The Sheik ya 1921 inaniuma. Ahmed, shehe wa jangwani anayeigizwa na Valentino, anamteka Diana, Mwingereza, kisha tunatakiwa tuliite hilo penzi. Karibu na mwisho Ahmed amelala, kajeruhiwa. Diana anautazama mkono wake, anashangaa ulivyo mkubwa kwa Mwarabu. Anajibiwa kuwa si Mwarabu: baba Mwingereza, mama Mhispania. Yaani penzi limehalalishwa kwa damu ya Ulaya! Nasi tunaomjua shehe kama mwalimu wa kuheshimiwa, jina hilo linatuchoma zaidi. Valentino naye anakodoa macho kupita kiasi.

The Son of the Sheik nayo ina doa: kisasi cha kijana, mwana wa Ahmed, kwa Yasmin, mcheza ngoma anayempenda, hemani hakisameheki. Ila hapa Valentino ametulia, anaigiza baba na mwana. Baba anakunja chuma kwa hasira, mwana anakinyoosha palepale. Bila neno, umeshawajua wote wawili. Valentino alifariki Agosti mwaka huohuo wa 1926, akiwa na miaka 31.