Jumba la Mji Mkongwe na ukuta wake wa saruji

Jumba lenyewe silitaji. Ni moja ya yale majumba ya wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, Unguja, yaliyojengwa baada ya Mwingereza kuiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, na karibuni limefunguliwa kwa wageni baada ya ukarabati. Nimetoka pale na hasira, na hasira yote ni ya ukuta mmoja.

Ni ukuta wa sebule ya chini, upande wa kichochoro. Rangi mpya imeshafura na inabanduka vipande vipande, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Nikagonga kwa kidole, sauti ikaja ya uvungu. Wamepiga lipu ya saruji juu ya mawe na chokaa, kisha wakapaka rangi ya plastiki. Nilipomwuliza mwongoza wageni nani aliruhusu saruji, akanijibu mbele za watu: "Bimkubwa, umekuja kutembea au umekuja kukagua?" Nilikuja kutembea. Lakini kiingilio nimelipia nyumba inayosifiwa mlangoni kwamba imerudishwa kama ilivyokuwa, basi acha nikague.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita hivi. Hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani kupitia chokaa. Ukizifunga kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda mpaka kwenye boriti za mikoko, nazo zinaoza nchani, pale zilipoingia ukutani, jicho lisipoona. Dari ikija kulegea, inalaumiwa mvua. Chumvi nayo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Kupaka rangi upya hakusaidii hata kidogo. Ni kubandua saruji yote taratibu kwa tindo, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, kufagia chumvi kavukavu bila kuiosha, ndipo upige lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa ilale wiki kadhaa: kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani. Tabaka liwe la sentimita moja hivi, ukuta ulowanishwe kwanza, kisha ufunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Fundi akiwa na haraka, inapasuka.

Lililonikata maini zaidi ni historia ya ukoo. Maelezo yanaanza na babu tajiri, yanapita kwenye picha za harusi, halafu yanakatika. Unguja utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897, na masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, wakasubiri hadi 1909. Nyumba ya umri huo, nani aliyechota maji, nani aliyepika? Kimya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, familia kadhaa zikakaa nyumba moja. Masizi ya majiko, alama za viambaza vilivyogawa sebule, vitu hivyo hubaki ukutani. Kama vilikuwapo pale, viko chini ya saruji ile ile.

Lakini nisidhulumu. Ghorofa ya juu imefanyiwa kazi ya kweli. Boriti mbovu zimebadilishwa moja moja kwa mikoko, kwa urefu ule ule wa mita tatu au pungufu unaofanya vyumba vya Unguja viwe virefu na vyembamba. Neru, ile lipu nyembamba ya mwisho ya chokaa, ndani ya vidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni laini, mkono unateleza. Aliyeipiga anaijua chokaa, na ndiyo maana hasira haijanitoka: fundi alikuwapo nyumba hiyo hiyo, kwa nini hakupewa na sebule?

Nilianza kuandika hapa ili niseme msiende. Nendeni. Pandeni juu kwanza mguse neru, ndipo mshuke sebuleni mgonge ule ukuta wa kichochoroni, na mwulize nani aliruhusu saruji. Mkijibiwa kama nilivyojibiwa mimi, ulizeni tena, kwa sauti.