Programu ya "njia ya hewa safi": kijani kwenye simu, moshi puani

Naandika nikiwa bado na hasira, mniwie radhi.

Nimelipia programu ya ramani inayojinadi kuwatafutia waendesha baiskeli njia yenye hewa nzuri. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Naishi Tabata, kazi yangu iko Kariakoo, na asubuhi nilikuwa nakata Barabara ya Mandela, hapa Dar es Salaam, kutoka Relini mpaka Buguruni, malori ya bandarini yamenibana, daladala inanipulizia moshi usoni. Ukiwa kwenye baiskeli unakanyaga, unahema, hewa unayovuta ni mara kadhaa ya ile ya abiria aliyekaa kitini. Nikifika kazini nikijifuta pua, leso nyeusi. Kwa hiyo hela niliitoa bila kunung'unika.

Sasa siku hiyo, mwezi huu huu au mwishoni mwa uliopita, ikanitoa Mandela ikanichomeka mitaa ya ndani, upande wa Kigogo. Ramani nzima kijani. Wazo lenyewe si baya, maana ukijitenga na barabara kubwa hata kwa mtaa mmoja tu, moshi wa dizeli unapungua. Lakini asubuhi ile! Watu wamemaliza kufagia, kila uwanja una rundo linafuka: majani ya mwembe, mifuko, pampasi. Mbele kidogo kijana anachoma nyaya apate shaba. Nilishuka, machozi yananitoka, nakohoa mpaka mzee mmoja akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. "Pole mwanangu. Huku pita saa nne, moto umeshazima." Naangalia simu: kijani.

Nikawaandikia. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwamba eneo hilo halina kipimo, hivyo mfumo unaonyesha kijani. Yaani pasipopimwa ndipo pasafi! Nikamwambia, dada yangu, si mngeweka hata kijivu nijue kwamba hamjui? Jibu: "Kaka, kama moshi unakusumbua panda daladala." Halafu akafunga mazungumzo. Panda daladala! Ushauri huo konda wa Buguruni ananipa bure kila siku, tena kwa kuniita bosi.

Kinachoniudhi zaidi ni mbwembwe. Ukifungua tu, wanakukaribisha na kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, kwamba vumbi laini, PM2.5, lisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Namba ni ya kweli. Ila unamtajiaje mtu namba ya mapafu yake wakati mtaani kwake huna hata chombo kimoja?

Nilidhamiria kuwapa nyota moja. Lakini nisiwasingizie: jioni, taka zikiwa zimeshaungua, njia ile ile ni tamu. Hakuna lori, hakuna honi, nafika nyumbani kifua hakikwaruzi na leso naweza kumwonyesha mke wangu. Kusema haki, bila wao nisingewaza kupita huko. Miaka yote nimeng'ang'ania Mandela kama kwamba nimelazimishwa. Basi nyota tatu.

Hapana. Nikikumbuka "panda daladala" narudi kwenye mbili. Na malipo ya mwezi ujao wasahau, njia ya jioni nimeshaikariri.